Kidumbak cha wazee na vijana: tulipofikia

Katika mradi wetu wa wazee na vijana kupiga kidumbak pamoja, mazoezi tumeyahamishia uani kwa babu yetu wa fidla, huku huku Ng'ambo, mjini Zanzibar, na muziki umepata uhai. Kidumbak, muziki wetu wa kucheza, ni cha harusini, kinataka watu. Vyombo vyake vichache: fidla, sanduku (besi ya uzi mmoja), vidumbak viwili (ngoma ndogo), cherewa (manyanga) na mkwasa (vijiti vya kugonganisha), juu yake mwimbaji. Kwenye taarab watu huketi, wakasikiliza, wakatunza. Kidumbak kikilia, hakuna anayeketi.

Sanduku. Yale ya chai ya zamani yameadimika, kwa hiyo nimeunda la plaiwudi, ufito na mshipi wa kuvulia. Mzee wa vidumbak aligonga ubao kwa kidole akaniambia, "Mwanangu, chukua mwembamba, ndio unaosema." Nikachukua mwembamba. Linavuma hadi njiani na sitalitia maikrofoni.

Kuunganisha nyimbo. Hapa ndipo tulipotumia muda mwingi, na ndicho kilichonifanya niuanze mradi huu. Nyimbo za kidumbak hufuatana bila kusimama, mwendo ukizidi kupanda, hata karibu saa nzima. Binti yetu wa fidla, aliyesomea noti, alikuwa ameandika kila wimbo vizuri kabisa. Lakini kiungo cha wimbo na wimbo hakikuwamo. Akamwomba, "Babu, tupe mpangilio tuuandike." Akajibiwa, "Mpangilio wanao wachezaji."

Basi tukawaita majirani waje kucheza. Binti akahamia mbele ya babu badala ya ubavuni, apate kuuona mkono wa upinde. Viuno vikianza kulegea, babu hutupa kipande kifupi cha fidla, vidumbak vikaitika, na mwimbaji keshaingia beti ya wimbo mwingine. Rekodi za simu tulizokuwa tukijifunzia hazikuonyesha hata kimoja kati ya hivyo, maana wachezaji hawamo.

Vijana nao wana cha kutoa. Kidumbak tangu zamani huchukua nyimbo mpya za taarab. Binti alileta mmoja. Babu aliusikiliza, akaukata utangulizi wote mrefu wa vyombo, akabakisha kiitikio na beti mbili, akauharakisha. Naye alikuwa na wimbo wa ujanani ambao katikati yake imempotea. Binti akaitafuta kwenye noti, akampigia taratibu. Babu alimrudisha mara kadhaa, kisha akaushika mwenyewe.

Harusi. Tumeshapiga moja, mtaani. Mwendo ulipokolea, babu alishusha upinde, na kiungo kilichofuata kikatupwa na binti. Kina mama hawakuacha kucheza. Kwangu hicho ndicho kipimo.

Bado. Vidumbak havina mrithi. Kuzipasha ngozi motoni, kujua zimekaza kiasi gani, yote anayo mzee mmoja. Amekubali kumchukua kijana wetu wa mkwasa, kwa sharti kwamba aje mapema, moto ukiwashwa awepo. Wiki ijayo wanaanza.