Unaanza lini huu wimbo?

Leo mchana nimemwekea mdogo wangu muziki uitwao Spiegel im Spiegel, kazi ya mtunzi Arvo Pärt wa Estonia, ya 1978. Piano na fidla, basi.

Nikamwambia mapema: "Usingoje kiitikio. Sikiliza fidla inavyorudi."

Piano inadondosha noti tatu tatu, taratibu. Fidla inaanza na noti mbili, kila safari inaongeza moja, halafu inarejea palepale.

Katikati akawa ameshaijua njia. Fidla ikivuta, anabana pumzi. Ikirudi, anaachia. Mara nikaona machozi, jamani!

Kaka yetu alikuwepo, ila sikumwambia kitu. Akauliza, "Unaanza lini huu wimbo?"

Muziki uleule, spika ileile. Nahisi ni yale maneno yangu machache.

Usikilizeni leo, mniambie: mlikuwa mnangoja nini?