Matembezi ya pwani ya Lamu: mradi umefika hapa

Kwa ufupi nusu ya kwanza iko tayari, kutoka Hifadhi ya Punda hadi jeti kubwa, nusu ya pili ya kwenda kijiji cha Shela ndo ilinikalisha chini wiki nzima nikipiga hesabu za maji kujaa na kupwa.

Kwa ambaye hajui nafanya nini: natengeneza karatasi moja ya kukunja mfukoni, mtu ajitembeze mwenyewe bila mtu wa kumwongoza, simu ikae mfukoni, asikimbizane na mtu. Kila kituo kina kazi moja tu, sikiliza, ama nusa, ama gusa, na historia naiweka mstari mmoja ama miwili basi, sababu nimeona watu wakipewa tarehe nyingi wanaisoma karatasi mwanzo mwisho na bahari iko hapo mbele yao hawaioni.

Kituo cha punda (hifadhi yao iko hapo tangu 1987) kazi ni kusikiliza kwato. Ukitulia kidogo unaanza kujua punda yupi kabeba mchanga na yupi anarudi mtupu, mwenye mzigo anakanyaga taratibu na kwa uzito, yule mwingine anakwenda mbio mbio anajua kazi imeisha. Nimeongeza onyo pia, ukisikia mtu anapiga kelele nyuma yako sogea ukutani kwanza, utulivu utaendelea baadaye.

Makumbusho nayapita haraka, mle ndani mna siwa (baragumu kubwa la zamani) na vitu vingi vya maana lakini hayo ni matembezi ya siku nyingine. Mbele yake kazi ni kuangalia majahazi na madau yaliyofungwa, tafuta macho yaliyochorwa kwenye omo, yani sehemu ya mbele ya chombo, chagua chombo kimoja ukitazame mpaka ukichoke.

Sasa jeti, hapa ndo pamenibadilishia mradi wote. Ngome ilimalizwa 1821 na ilijengwa ufukweni, lakini leo ukishuka kwenye boti unatembea kama mita 70 hivi ndo uifikie, hiyo nafasi yote katikati ilijazwa baadaye. Yani mtu anayepita ukingoni akidhani anakanyaga walipokanyaga Waamu wa zamani, anakanyaga kifusi! Nilikuwa nimekaa barazani karibu na hapo nikiandika andika, mzee mmoja akaniuliza napima kiwanja cha nani. Nikamwambia, "Shikamoo ami, sipimi kiwanja, naitafuta pwani ya kale." Akacheka, akanambia, "Marahaba mwanangu, basi umeikalia. Babu yangu akisema vyombo vikipandishwa papa hapa."

Kwa hiyo kazi ya kituo hiki: geuka, ipe bahari mgongo, nenda mpaka ukuta wa ngome ukihesabu hatua zako, halafu weka kiganja ukutani. Mstari wa historia hapo ni kwamba ilikuwa jela mpaka 1984, na mimi naona unatosha, mkono ukiwa juu ya lile jiwe huhitaji maelezo mengine.

Kutoka hapo badala ya kurudi kwa njia ya ukingoni nimepitisha watu Ndia Kuu, njia kubwa ya ndani ya mji, kuna kivuli, na pua inapata kazi, udi, kahawa, samaki wa kukaanga, na mavi ya punda pia tusidanganyane. Unapita nyumba ya posta ya Wajerumani iliyofanya kazi 1888 mpaka 1891, halafu unarudi zako mtaa wa Langoni.

Haya, Shela. Ni kama kilomita 3 kwa ufukweni, na maji yakijaa sawasawa sehemu nyingine unajikuta unatembea majini. Kuandika saa kwenye karatasi haina maana sababu maji yanachelewa karibu saa nzima kila siku. Siku za bamvua, maji yakijaa na kupwa kwa nguvu zaidi, ufuo unafunguka vizuri lakini kupwa kwenyewe kunaangukia saa nne saa tano asubuhi, jua kali na kivuli hakuna, utulivu gani huo. Maji mafu, yani siku ambazo maji hayajai wala hayapwi sana, ndo mazuri, ufuo haufunguki sana ila unapitika, na yanapwa alasiri, ukitoka Langoni baada ya swala jua limeshalegea. Basi nimeandika tarehe za mwezi wa Kiislamu, 8 na 9, ama 22 na 23, mtu wa hapa akiangalia kalenda ya ukutani anajua siku yake, na mgeni atamuuliza nahodha yeyote.

Kilichobaki ni kituo kimoja mbele ya msikiti wa Ijumaa wa Shela, wa 1829, kazi yake bado sijaipata. Jaribio linalofuata naenda na shangazi, amekubali kwa sharti moja, katikati ya njia lazima kuwe na kituo cha kahawa na kashata, kwa hiyo sasa natafuta pa kukiweka.