Jumatatu ile, saa sita na dakika hamsini

Jana usiku tukiwa tunakula, binti yangu wa mwisho, yule wa maswali, aliacha tonge limesimama mkononi akaniuliza: "Mama, mashimo meusi mawili yakigongana huko mbali, na sisi huku Dodoma tunatikisika?" Baba yake akamwambia ale kwanza, mlenda unapoa. Mimi nikabaki namtazama. Swali hilo niliwahi kuulizwa darasani, karibu kwa maneno hayohayo, na kijana ambaye mpaka leo nikipita njia ya Singida ni lazima nimkumbuke.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 12 Februari 2016. Jioni ya Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu kwa saa zetu, wanasayansi wa LIGO, mradi wa Marekani wa kunasa mitikisiko ya nafasi, walikuwa wamekaa mbele ya waandishi wa habari mjini Washington, na mkurugenzi wao, David Reitze, akatangaza kwamba wameyakamata mawimbi ya mvutano. Albert Einstein aliyaandika mawimbi hayo mwaka 1916, na kwa miaka mia moja hakuna chombo kilichowahi kuyapata. Nilifuatilia kwa simu pale kibarazani, kwenye ile kona ambayo ndiyo pekee mtandao unashika, mpaka bando likakata. Usiku ule sikulala. Asubuhi nikamwomba mwalimu wa zamu spika ya mstarini, nikaibeba mwenyewe hadi kidato cha sita, tahasusi ya PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati. Ratiba ilisema elektroniki. Elektroniki ingesubiri.

Niliandika ubaoni 36 + 29 = 62, nikaenda kusimama nyuma ya darasa, kimya. PCM hawavumilii hesabu ya namna hiyo. "Mwalimu, 65!" wakasema kwa pamoja. Nikawaambia ni 62, wala sijakosea. Shimo jeusi moja, yaani kitu kilichobanana mno hata mwanga hautoki, lilikuwa na uzito wa majua 36 kama hili letu, la pili majua 29. Yaligongana, yakawa shimo moja lenye uzito wa majua 62. Yale matatu yaliyopungua ndiyo habari yenyewe.

Walitegemea moto, mlipuko, vipande kuruka. Nikawaambia shimo jeusi halina ganda la kupasuka. Mashimo mawili yakikaribiana yanazungukana, na kila mzunguko unaitikisa nafasi yenyewe, mtikisiko unaosambaa pande zote ukiondoka na nishati. Nishati ikipungua, yanasogeleana. Yakisogeleana, yanazunguka haraka zaidi, na yakizunguka haraka zaidi yanapoteza nishati nyingi zaidi. Hakuna cha kuyazuia. Mwishoni kabisa yalikuwa yakienda kwa karibu nusu ya kasi ya mwanga, kila moja likiwa na upana wa kilomita mia mbili hivi tu pamoja na uzito wote huo. Kisha yakaungana, shimo jipya likatetema kidogo, likatulia. Uzito wa majua matatu ukawa umegeuka mawimbi matupu. E = mc² waliijua tangu kidato cha nne; siku ile niliona wanaiangalia upya. Katika kilele chake, nguvu iliyokuwa ikitoka pale ilizidi karibu mara hamsini mwanga wa nyota zote za ulimwengu unaoonekana. Na hakuna jicho lililoona kitu.

Binti wa dawati la mbele hakusema neno. Alitoa sarafu ya shilingi 200 mfukoni, akaizungusha juu ya dawati, akaiacha. Mnajua sarafu inavyofanya ikielekea kulala: inayumba taratibu, halafu mlio unaharakisha, unaharakisha, unakuwa mwembamba, mara kimya. Akaninyooshea macho kuuliza kama ndivyo. Ndivyo, nikamwambia, ila sarafu inapoteza nishati kwa meza na hewa, wakati yale mashimo hayakuwa na meza wala hewa, yaliipoteza kwa kuitikisa nafasi. Dakika mbili zilizofuata darasa zima lilikuwa linazungusha sarafu, hata mwalimu wa Jiografia akachungulia dirishani.

Ndipo nikaunganisha simu na spika. Ile ishara ilipanda kutoka mitetemo 35 kwa sekunde hadi kama 250, masafa ambayo sikio la binadamu linayapata, ila ule mwanzo mzito simu peke yake haiwezi kuutoa. Nikabonyeza. Wup. Sekunde 0.2, basi. "Rudia, mwalimu." Nikarudia. Wakaniomba tena na tena, na kila mara darasa lilinyamaza kabla ya ule mlio kuja, kama watu wanaomsubiri mtu mlangoni.

Halafu nikaandika ubaoni tarehe na saa wimbi lilipofika: 14 Septemba 2015, 09:50:45.

Yule kijana wa Bahi alikaa upande wa ukuta, safu ya tatu. Hakuwa mtu wa kunyoosha mkono. Alinyoosha. "Mwalimu, hiyo ni saa ya wapi?"

"Ya Greenwich, baba. Ongeza tatu upate yetu."

Akaongeza kwa kutamka taratibu. "Saa sita na dakika hamsini mchana. Siku gani?"

"Jumatatu."

"Sasa lilivyopita huko Marekani, na sisi huku lilitutikisa?"

Nikamwambia ndiyo. Mitambo iliyolinasa ni miwili, mmoja Livingston huko Louisiana na mwingine Hanford katika jimbo la Washington. Wimbi lilifika Livingston kwanza, kisha Hanford baada ya sehemu saba za elfu moja za sekunde. Dunia ni ndogo mno kwa wimbi linalokwenda kwa kasi ya mwanga. Sekunde ileile liliyofika kule, limeshapita na Dodoma. Wala halizuiliwi na ukuta, mlima au dunia nzima likitokea upande wa pili. Linapita katika kila kitu, likikinyoosha upande mmoja na kukibana upande mwingine, kwa zamu. Kiasi chake ni kidogo kupita kawaida. Mitambo ile ina mikono miwili ya kilomita 4, kila mmoja una mwali wa leza unaokwenda na kurudi, na urefu wa mikono hiyo ulibadilika kwa kama sehemu moja au mbili za elfu za upana wa protoni. Dunia nzima, kutoka upande mmoja hadi wa pili, ilibadilika kwa kiasi cha upana wa kiini cha atomu. Lakini ilibadilika. Wimbi lilisafiri miaka bilioni 1.3, likapita hapa, likaendelea na safari yake.

"Tulikuwa na kipindi gani?" mtu akauliza. Na hapo monita alikuwa ameshatoka mbio kwenda ofisi ya taaluma.

Alirudi na daftari la darasa la mwaka uliopita, lile ambalo kila mwalimu anaandika mada na kusaini akimaliza kipindi. Walimzunguka. Akafunua hadi Septemba, akaweka kidole kwenye Jumatatu, akasoma kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari: kipindi cha saba, Kemia, mada imeandikwa, saini ya mwalimu ipo. Watu wakashangilia, wanashangilia Kemia! Mmoja akasema alikumbuka alikuwa anasinzia. Mwingine akasema basi wimbi lilimkuta ameinama. Monita akaendelea na safu ya mwisho ya ukurasa, safu ya wasiokuwepo. Alisoma jina la kwanza na la pili kwa sauti ileile. La tatu alilisoma polepole, halafu sababu iliyoandikwa mbele yake hakuisoma. Hakukuwa na haja. Wote walijua maana ya orodha ile. Siku ile, baada ya mstarini, ambao hawajamaliza ada na michango waliitwa pembeni, wakaambiwa waende nyumbani, warudi nayo.

Kijana wa Bahi hakuinamisha kichwa. Ninalikumbuka hilo kuliko yote. Alisimama, na akasimulia kana kwamba anajibu swali la mtihani.

Alisema nauli aliyokuwa nayo haikutosha. Konda alimshusha kabla ya Bahi, akaendelea kwa miguu, viatu mkononi ili visiishe. Mnaijua Septemba yetu: upepo mkavu, vumbi jekundu, mashamba yamevunwa hakuna kitu cha kulikinga jua. Alisikia adhana ya adhuhuri kutoka kijiji cha mbele, akaona apumzike. Palikuwa na mbuyu. Mbuyu wa Septemba hauna majani, kivuli chake ni cha shina tu, na saa hizo jua liko utosini, hata shina linatoa kivuli cha kutosha miguu peke yake. Akakaa hapo akiwa ameegemea, miguu kivulini na kichwa juani, akihesabu kichwani watu ambao baba yake angeweza kuwaendea kukopa. Alikaa muda, alisema, mpaka alipoona kivuli kimeanza kusogea upande wa Dodoma.

"Adhana ilikuwa kama saa sita na nusu na kitu," akasema. "Kwa hiyo saa sita na hamsini nilikuwa pale."

"Ulikuwa pale," nikasema.

"Na mimi lilinipitia, mwalimu?"

"Lilikupitia."

Akanyoosha mkono, akalizungusha darasa lote kwa kiganja, Kemia na sarafu na wote. "Sawasawa na hawa?"

"Sawasawa na hawa."

Hakuna aliyecheka. Hata wale wa nyuma, ambao hucheka mtu akipiga chafya, hawakucheka. Kijana akatikisa kichwa mara moja, akakaa, akafungua daftari lake ukurasa wa mwisho, akaandika tarehe na ile saa, kwa saa zetu, na chini yake neno moja: njiani. Nililiona nilipopita kati ya madawati. Spika ilikuwa bado inavuma kwa umeme. Nilitaka kusema kitu kingine, kitu kikubwa, nikakikosa, na kengele ikalia.

Bado sijaamua kama siku ile nilifundisha fizikia au nilimfariji mtoto wa watu. Nilichomwambia ni kweli, hilo silitilii shaka. Wimbi halikuchagua waliokuwa na viti. Lakini ukweli ule haukumlipia ada, na muhula uliofuata majina mengine yaliandikwa kwenye safu ileile. Nimewahi kulisema hili kwenye kikao cha walimu nikiwa nimesimama, na mnajua jinsi vikao vinavyokwenda. Miaka iliyofuata, kabla ada ya kidato cha tano na sita haijafutwa mwaka 2022, nikiwa na darasa ambalo baadhi yao wako njiani, kuna mada nilizisogeza mbele mpaka warudi. Sijui kama ilitosha. Sidhani.

Alimaliza Mei mwaka huohuo. Chuo hakwenda. Yuko Bahi, analima mpunga, ana familia. Oktoba 2017, Rainer Weiss, Barry Barish na Kip Thorne walipopewa Tuzo ya Nobel kwa kazi ile, aliniandikia ujumbe kabla sijasikia: "Shikamoo mwalimu. Wamepewa." Tangu hapo, kila wanapotangaza mgongano mwingine, na wametangaza mingi, swali lake ni lilelile: "Saa ngapi kwa saa zetu?" Ninamtafutia, ninaongeza tatu, ninamtumia. Yeye ananijibu alikuwa wapi.

Ule wa tarehe 14 Januari 2025 ulimkamata zaidi ya mingine. Ulifanana sana na ule wa kwanza kwa uzito, ila mitambo imeboreshwa, ishara ilisikika wazi kuliko zote zilizotangulia, wakaweza kupima alichosema mwanafizikia Stephen Hawking mwaka 1971: kwamba mashimo mawili yakiungana, eneo la uso wa shimo jipya, yaani ule mpaka ambao mwanga ukiuvuka hautoki tena, haliwezi kuwa dogo kuliko maeneo ya yale mawili yakijumlishwa. Walipata kama kilomita za mraba 240,000 kabla, na kama 400,000 baada. Nikamwandikia ilikuwa Jumanne, saa tano na dakika 22 asubuhi. "Nilikuwa jarubani," akajibu. Halafu, baada ya muda: "Lakini mwalimu, uzito umepungua, eneo limeongezeka. Inawezekanaje?"

Nilimweleza kwa ujumbe mrefu kwamba eneo linafuata mraba wa uzito, kwamba 33 mara 33 ukijumlisha na 32 mara 32 unapata 2,113, ila 62 mara 62 peke yake ni 3,844, kisha unapunguza kidogo kwa sababu shimo jipya linazunguka kwa kasi. Hakuridhika. Hicho "kidogo" ndicho anachotaka kukiona kinatoka wapi. Ameniomba nimwandikie hesabu yote kwenye karatasi, hatua kwa hatua, nimpe dereva wa basi la Bahi. Nimefika ukurasa wa tatu.