Siku moja na funksheni za asembli

Saa 2 asubuhi nishakaa, chai ya rangi pembeni. Mwezi huu kazi yangu ni kuandika maelezo ya funksheni za asembli, lugha ya kuipa prosesa maelekezo mojamoja, kwenye programu yetu ya picha, zote za prosesa za ARM64, na nyingi zina komenti ya mstari 1 au hazina kabisa, aliyeziandika aliondoka kitambo.

Kwenye C ukiona jina na vigezo unajua unaipa nini, inakurudishia nini. Asembli ni lebo tu, maelekezo yanaanza. Kwa hiyo juu ya kila moja naandika rejista (vijisanduku vya namba ndani ya prosesa) x0 inabeba nini, x1 nini, jibu linatokea wapi, rejista zipi zinachafuka.

Saa 4 nimekwama kwenye funksheni ya kufifisha picha. Inasoma baiti 16 kwa mkupuo, inatoa 16 kwenye hesabu ya upana uliobaki, ikiwa bado zaidi ya sifuri inarudi juu. Yani ukiipa upana wa pikseli 100 inaandika mpaka ya 112, memori ya mtu mwingine kabisa! Nikafuata sehemu zote 7 inapoitwa, kote upana unajazwa kwanza ugawanyike kwa 16. Waliokuwepo walijua, mgeni angejuaje?

Saa 7 wali maharage, fasta.

Saa 8 nairudia ileile, naona inatumia rejista v8 na v9 bila kuzihifadhi. Na komenti inasema haiharibu kitu! Sheria ya ARM64 ni kwamba d8 hadi d15, yani zile biti 64 za chini za v8 hadi v15, unazirudisha ulivyozikuta, kompaila (inayogeuza C kuwa maelekezo ya prosesa) inaamini hivyo na haikukagui. Nikakumbuka picha zilizokuwa zinatoka nyeusi kwenye toleo la kutolewa kwa watumiaji tu, la majaribio liko poa, wiki 2 tumehangaika. Kompaila ilikuwa imeweka namba ya mwangaza kwenye d8 na sisi tunaikanyaga. Mikono ilitetemeka kidogo aisee.

Nikaongeza stp d8, d9, [sp, #-16]! mwanzoni, ya kuzihifadhi, na ldp yake ya kuzirudisha kabla ya ret, pale funksheni inapoishia. Picha ikarudi rangi zake.

Mpaka saa 11 naandika jaribio la kujaza d8 hadi d15 namba ninazozijua, niite funksheni, nikague. Watu wa dav1d, programu ya kusoma video za AV1, wana checkasm, kifaa chao cha kujaribu asembli, inayokagua hivyohivyo, na sisi tulipaswa kuwa nayo zamani.

Saa 12 nimetuma, na juu ya funksheni nimeandika: upana lazima ugawanyike kwa 16. Kesho ya kuzungusha picha, nayo naona inagusa v10.