Likizo na mama huko Nida, Lithuania: tulianza na nyumba

Mama alikuwa anakuja kutoka Tanga kukaa nasi Hamburg kiangazi, na mimi hoteli nilishasema basi. Vizazi vitatu hotelini maana yake ni vyumba vilivyotengana, na kila jioni mnazunguka kutafuta chakula. Nilitaka nyumba yenye jiko, karibu na maji, ambayo mama ataingia na kutoka bila kushikwa mkono.

Lithuania ilikuwa wazo la baba watoto. Ipo meli ya magari inayotoka Kiel, Ujerumani, hadi Klaipėda, bandari ya Lithuania, mwendo wa takriban saa 20. Unalala kabini, na gari lako liko chini limesheheni mchele, nazi za kopo na sufuria ya pilau. Kwa barabara tungeikatiza Poland, na mgongo wa mama haukubali safari hiyo.

Viza haikutusumbua. Lithuania imo Schengen, lile eneo la nchi za Ulaya zenye viza moja, tangu 2007, na kanuni ni kuomba kwa nchi utakayokaa muda mrefu zaidi. Mama alikuwa anakaa zaidi Ujerumani, basi akaomba kwa Wajerumani Dar es Salaam, Lithuania tukaitaja kwenye ratiba. Bima ya safari, ile ya kuanzia euro 30,000, inatumika kote huko.

Kazi ilikuwa kwenye nyumba. Nida ni mji mdogo kwenye ukanda mwembamba wa mchanga wenye urefu wa kilomita 98, nusu Lithuania, nusu Urusi. Upande mmoja ni bahari ya Baltiki, upande wa pili ni maji yaliyofungiwa ndani yanayoitwa Kuršių marios. Nyumba ziko upande huu wa ndani, na ufuo wa kuogelea uko upande wa pili, ng'ambo ya msitu wa misonobari. Matangazo yote yanaandika "karibu na bahari". Kwa mtoto mwenye baiskeli ni kweli. Kwa bibi mwenye magoti mabovu, ni gari.

Halafu zile nyumba za zamani, nzuri kweli, kuta za kahawia na madirisha yaliyopakwa buluu na nyeupe, vyumba vingi vya kulala viko juu chini ya paa, na ngazi zake zimesimama wima. Picha hazikuonyeshi hilo. Nikamwandikia mwenye nyumba mmoja: naomba unipigie video ukitembea kutoka getini mpaka kitandani, kisha mpaka bafuni. Akanitumia. Unaona ndara zake zikipita kwenye changarawe, kizingiti cha chini, kitanda kiko ghorofa ya chini, na bafu ambalo maji yanamwagika sakafuni bila beseni la kupanda. Nikauliza mambo mengine mawili tu: mapazia ya chumbani ni mazito? Na shuka zimo kwenye bei? Pazia si anasa. Julai mwanzoni huko jua linazama baada ya saa nne usiku na kurudi karibu saa kumi na moja alfajiri. Mtoto asiyeona giza halali, na ukisubiri giza la Isha utakesha naye.

Kabla ya kutuma amana nilihakikisha tarehe ya mwisho ya kughairi inakuja baada ya jibu la viza. Wengine walidai pesa yote mapema bila kurudisha; hao niliachana nao, hata yule mwenye bustani nzuri. Pembeni ya kodi ya nyumba kuna ushuru mdogo wa wageni kwa kila usiku, na gari hulipiwa kwenye kizuizi cha barabarani cha Alksnynė ukiingia upande wa Nida, bei ikiwa juu zaidi wakati wa kiangazi.

Jambo la kuanza mapema kuliko yote ni chanjo. Misitu ya Lithuania ina kupe wanaoambukiza homa ya ubongo, na sindano ya kwanza na ya pili kwa kawaida hupishana mwezi mmoja hadi mitatu. Watoto walichanjwa msimu wa baridi, na bado kila jioni tulikuwa tunawakagua nyuma ya masikio na magoti.

Nyama ya halali sikuitegemea kuipata kule, tukala samaki. Nida wanauza samaki wa kukausha kwa moshi, wa rangi ya dhahabu, ngozi inabanduka kama karatasi. Mama alimchambua mmoja, akamtia kwenye tui na ndimu, na hakuna aliyekumbuka mkahawa.

Baharini alichovya kidole, akaonja. "Mwanangu, bahari gani hii haina chumvi?" Inayo, ila ni kama gramu 7 kwa lita, Bahari ya Hindi ni 35 hivi. Kuhusu baridi yake hakusema kitu, alitoa mguu tu.

Kilima cha mchanga cha Parnidis, mita 52, nilidhani tutakiona bila yeye. Kumbe gari linafika karibu na kileleni. Akasimama pale, kanga imepigwa na upepo, anatazama mchanga unavyoendelea kusini.

"Kule ni wapi?"

"Urusi, mama."

"Basi inatosha. Turudi, mchele nimeuacha umelowekwa."