Nusu ya ulimi
Wiki ya tatu sasa tangu ning'olewe gego la mwisho la chini, kushoto. Kidonda kimefunga vizuri, ila ladha upande huo imepotea. Jana nimenyonya ukwaju: kulia uchachu umenikunja uso, kushoto ni kama nalamba kijiko kitupu. Hata chai ya tangawizi ya mama naisikia nusu, na hilo limeniuma kuliko jino lenyewe.

Daktari kanieleza kwamba mshipa wa fahamu unaopeleka ladha ya sehemu ya mbele ya ulimi unapita karibu kabisa na gego hilo. Ukiguswa, mara nyingi huchukua wiki kadhaa, hata miezi, kupona. Laiti ningeambiwa kabla!

Leo asubuhi, kwenye ncha kushoto, nimeonja chumvi. Kidogo tu. Nimemkimbilia mama jikoni kumwambia.