Nilivyotembea Lushoto mpaka Mtae kwa michembe na dagaa

Mi ni mtu wa Kirumba, Mwanza, baridi niliyokuwa naijua ni ule upepo wa ziwani wa alfajiri, basi. Mwezi wa saba nikaamua kwenda kutembea milima ya Usambara kwa miguu, Lushoto mpaka Mtae siku nne, begi mgongoni. Mazoezi nilifanyia kwenye mawe ya Bwiru, nabeba dumu mbili za maji za lita tano tano napanda nazo na kushuka, watoto wa kule wakawa wananiuliza mjomba maji unauza bei gani.

Ila kilichoniumiza kichwa siyo milima, ni msosi. Jamaa yangu akasema beba tambi za dakika mbili na samaki wa mkebe, nikaona mikebe mizito halafu tambi zinaisha tumboni kabla hata hujamaliza kona. Bibi aliposikia akacheka sana, "mjukuu wangu, sisi zamani safarini unadhani tulikuwa tunakula nini?" akanifungashia matobolwa na michembe. Kwa wasiojua, yote ni viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa, tofauti ni kwamba matobolwa yanachemshwa kwanza ndo yanaanikwa kwa hiyo unatafuna hivyo hivyo njiani, michembe inaanikwa mbichi mpaka uipike. Nikaongeza karanga za kusaga, na dagaa wakavu kutoka soko la Mwaloni ambao niliwatoa vichwa nikawaosha mchanga wote (msiruke hii hatua jamani) nikawakaanga bila mafuta mpaka wakawa wanavunjika, chumvi na pilipili humo humo.

Kwenye basi dada wa siti ya pembeni alifungua dirisha kuanzia Nyegezi na hakulifunga. Namwelewa.

Lushoto yenyewe iko kama mita 1,400, lakini ukishapita msitu wa Magamba ukaendelea kupanda baridi inakuwa ya kweli, ukungu unashuka saa tisa tu mchana na mbega wanapiga kelele juu ya miti huwaoni. Siku ya kwanza nilikosea, kwa sababu ya baridi sikusikia kiu kabisa nikanywa kachupa kamoja tu kutwa nzima, usiku Lukozi kichwa kinapasuka, kaka aliyekuwa ananiongoza akanilazimisha chai ya tangawizi na maji ya moto vikombe vitatu. Kosa la pili ni maharage. Nilibeba nusu kilo nikijua ni chakula cha maana, aisee, kule juu maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha, yanatokota vizuri kabisa ila maharage yako vile vile, masaa matatu na kuni za watu zimeisha. Nikayaacha hapo hapo.

Michembe ndo ikaniokoa. Asubuhi naiweka kwenye chupa ya mdomo mpana na maji, natembea nayo inalowana begini, jioni ni kuichemsha kidogo tu na karanga juu, inakuwa nzito unalala umeshiba. Mchana sipiki, matobolwa mfukoni natafuna huku napanda. Rangwi mama mwenye nyumba tuliyofikia alionja dagaa akaita na majirani, nikampa kifuko kizima, akanirudishia viazi mviringo, karoti na kabichi mpaka nikamwambia mama shikamoo tena lakini begi limejaa. Kule mboga siyo shida kabisa, ukijua hivyo usibebe mboga wala unga, beba vile ambavyo kule havipo.

Mtae nilifika siku ya nne mchana, unasimama ukingoni chini yako tambarare ya Mkomazi imekauka yote na wewe huku juu unatetemeka na sweta. Nilimalizia matobolwa pale.

Begi nimeshalifua mara tatu, paka wa jirani bado anakuja kulala juu yake.